Kupiga foto ya nyota Kalemie: mwenye kuanza ajue nini

Usiku usio na mwezi, umeme ukikatika Kalemie, mtu akitoka katika lupango na kuinua macho ataona utepe mweupe unaopita juu ya mji. Mwezi wa nane, saa mbili ya usiku (20h), utepe huo unatoka kaskazini-mashariki na kushuka kusini-magharibi. Wengi wanafikiri ni wingu. Si wingu. Ni Njia ya Maziwa, ni kusema mwanga wa mabilioni ya nyota zilizo mbali sana, hata jicho haliwezi kuzitenga moja moja.

Mwenye telefone ya kisasa akijaribu kuipiga foto, mara nyingi anapata picha nyeusi tii. Anajaribu tena, nyota zinatoka kama mikwaruzo. Mara ya tatu picha yote inakuwa nyeupe juu ya mwezi, anaacha. Makala hii inaeleza makosa hayo yanatoka wapi, na namna ya kuyapita bila kununua vyombo vya bei kali.

Kalemie iko na nini?

Mwaka 2016, wachunguzi wa nchi mbalimbali walitoa ramani ya dunia yenye kuonyesha namna mwanga wa taa unavyofunika anga. Walikuta kwamba zaidi ya mtu 1 kwa 3 duniani hawezi tena kuona Njia ya Maziwa pale anapoishi. Ulaya, ni watu 60 kwa 100. Amerika ya Kaskazini, karibu 80 kwa 100. Mtu wa huko anaendesha gari masaa mengi ili aone kile ambacho mkaaji wa Kalemie anakiona toka mlangoni.

Kalemie inaangalia ziwa upande wa mashariki. Ng'ambo, upande wa Tanzania, kuna milima ya Mahale, ambayo ni hifadhi ya taifa toka 1985. Hakuna mji mkubwa pale, kwa hiyo anga ya mashariki inabaki nyeusi.

Tena mji uko karibu digrii 6 kusini ya ikweta, na hilo linasaidia sana. Mkaaji wa Kalemie anaona karibu nyota zote za kaskazini na za kusini katika mwaka mmoja. Lakini maelezo mengi ya mtandao yaliandikwa kwa watu wa Ulaya na Amerika. Yanasema: tafuta kwanza nyota ya ncha ya kaskazini. Toka Kalemie nyota hiyo haionekani, iko chini ya upeo. Mtu asipoteze usiku akiitafuta.

Kalenda ya wavuvi ndiyo kalenda ya foto

Wavuvi wa ndagala na mikebuka wanajua jambo hili toka zamani. Wanatoka na taa usiku wa giza, juu samaki wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mzima, mwanga wa taa unashindwa, na wengi wanapumzisha mitumbwi. Mpiga foto wa nyota anafuata mpango uleule: akiona taa nyingi juu ya maji, ni usiku wake pia.

Mwezi unamaliza mzunguko kwa siku 29 na nusu. Wiki nzuri ni ile ya mwezi mpya: siku tatu ao nne mbele yake, na siku tatu ao nne nyuma. Hata nyuma ya mwezi mzima kuna nafasi, juu kila siku mwezi unachelewa kuchomoza karibu dakika 50. Siku ya nne ao ya tano unachomoza saa tatu ya usiku ao zaidi, na kabla ya hapo kuna giza.

Kalemie jua linazama karibu saa kumi na mbili (18h) mwaka mzima. Giza kamili linafika kama saa moja na robo (19h15). Kabla ya hapo anga inaonekana nyeusi kwa macho, lakini kamera bado inaona rangi ya buluu.

Majira na yale yanayoonekana

Mwezi wa sita mpaka wa nane ndiyo wakati mkubwa. Mvua haiko, na kitovu cha Njia ya Maziwa kinapita karibu juu ya kichwa. Mwezi wa sita kinafika juu kabisa karibu usiku wa manane. Mwisho wa mwezi wa saba na mwanzo wa mwezi wa nane, saa tatu ya usiku inatosha. Nyota za Nge, zenye mkia uliojikunja, ziko palepale. Shida ya kiangazi ni mbili: upepo wa kusini unaotikisa telefone, na moshi wa moto wa pori, ambao unazidi kadiri kiangazi kinavyosonga.

Mwezi wa nne na wa tano, Msalaba wa Kusini unaonekana jioni upande wa Moba. Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, mvua ikiacha nafasi, Orioni na Kilimia ziko juu. Kusini, chini chini, kuna vipande viwili kama moshi usiosogea. Hayo ni Mawingu ya Magellan, makundi mawili ya nyota yaliyo nje ya kundi letu. Watu wa Ulaya hawayaoni kwao.

Wakati wa mvua, mvua ikipita anga inakuwa safi kuliko kiangazi, juu vumbi imeoshwa. Lakini radi ikionekana, hata mbali, mtu aingie ndani ya nyumba. Ufuko mtupu si mahali pa kusimama na chuma mkononi.

Kosa la kwanza: picha nyeusi

Mwanga wa nyota ni kidogo. Mchana kamera inafunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Usiku inaomba sekunde 10 mpaka 20. Telefone nyingi ziko na sehemu iliyoandikwa Pro, na nyingine ziko na sehemu ya usiku. Ndani ya Pro kuna mambo matatu ya kupanga:

Muda wa kufungua: sekunde 15 kwa kuanza.

ISO, ni kusema namna kamera inavyokuza mwanga: 1600 ao 3200. Ukipita hapo picha inajaa chembechembe.

Umbali: weka kwa mkono mpaka mwisho, alama ya mlima ao ya milele (∞). Ukiiachia telefone ijitafutie, gizani inapotea, na nyota zinatoka kama mabonge.

Kwa mwenye apareye ya foto, kuna pia tundu la lensi. Namba ndogo ndiyo tundu kubwa: lensi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 4 kuliko ile ya f/3.5. Taa ya flashi izimwe. Haiwezi kufika kwenye nyota, inaangaza tu vumbi na mbu.

Kosa la pili: nyota zinakuwa mikwaruzo

Kuna sababu mbili, na dawa zake si sawa.

Ya kwanza ni mkono. Hakuna mtu anayeweza kushika telefone sekunde 15 bila kutikisika. Kama mguu wa kamera hauko, kifuko cha nguo kilichojazwa mchanga ao maharagi kinafanya kazi vizuri: unakiweka juu ya kiti ao jiwe, unaegemeza telefone. Hata kidole kikibonyeza kinatikisa. Kwa hiyo tumia kipima muda cha sekunde 5 ao 10, ubonyeze na kurudi nyuma.

Ya pili ni dunia yenyewe. Inazunguka digrii 15 kila saa, na nyota zinaonekana kutembea. Wapiga foto wako na hesabu ya 500: gawa 500 kwa urefu wa lensi. Kamera kubwa ya telefone nyingi ni sawa na lensi ya milimita 26, na 500 kugawa kwa 26 ni karibu sekunde 19. Ukipita hapo, nukta inakuwa mstari. Ukikuza picha kwa kuvuta karibu, muda huo unapungua sana. Ndiyo sababu mwenye kuanza anapiga foto pana: lensi pana inavumilia zaidi.

Mwenye kutaka ile mistari naye anaweza. Anapiga foto 100 ao zaidi mfululizo bila kusogeza telefone, kisha anaziunganisha. Akiangalia ziwa, nyota zitapanda karibu wima toka majini. Akiangalia kusini, zitazunguka nukta moja iliyo digrii 6 tu juu ya upeo.

Kosa la tatu: picha inafifia

Hapa adui ni mwanga wa karibu: mwezi, taa ya jirani, taa ya pikipiki, hata kioo cha telefone. Macho yanahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa sekunde moja unaharibu yote. Torshi ifunikwe na kitambaa ao plastiki nyekundu. Karibu na maji, unyevu pia unatua juu ya lensi, na nyota zinakuwa kama ziko ndani ya pamba. Futa lensi kwa kitambaa kikavu kila dakika chache.

Taa za wavuvi si lazima ziharibu foto. Zikiwa mbali zinachora mstari wa mwanga juu ya maji, chini ya nyota. Hiyo ni picha ya Tanganyika, haipatikani penginepo.

Foto 16 ni bora kuliko 1

Chembechembe za picha zinabadilika kila mara, lakini nyota zinabaki. Ukiunganisha foto 16 za anga moja, chembechembe zinapungua mara 4. Programu Sequator, DeepSkyStacker na Siril zinafanya kazi hiyo kwenye kompyuta, tena bila malipo. Stellarium nayo, ikisha kuwekwa, inaonyesha nyota gani iko wapi hata kama intaneti haiko. Telefone zingine zinaunganisha zenyewe: mwaka 2019, Pixel 4 ya Google ilianza kupiga foto mpaka 15 za sekunde 16 na kuzifanya moja.

Usalama mbele ya foto

Mtu anayesimama peke yake gizani na kamera anaweza kudhaniwa kuwa mtu mwingine. Afazali kuanza ndani ya lupango. Akitaka kutoka, ajulishe shefu wa kartie na jamaa ya nyumbani, aende na watu wawili ao watatu. Asielekeze kamera kwenye bandari, uwanja wa ndege, kambi ya askari ao kizuizi, hata kama nyota nzuri ziko upande huo. Akiulizwa, aonyeshe foto bila ubishi.

Ukingoni mwa ziwa na mdomoni mwa Lukuga, mamba na kiboko wanatembea usiku. Asikae karibu na maji wala majani marefu. Viatu vya kufunika mguu, mikono mirefu juu ya mbu, na torshi yenye batri ya kutosha kwa kurudi.

Giza na mwangaza

Giza la Kalemie si zawadi tupu. Linatoka zaidi kwa ukosefu wa umeme, na hakuna mama anayezaa kwa mwanga wa torshi atakayefurahia nyota. Mji unahitaji taa. Lakini taa yenye kifuniko, inayotupa mwanga chini barabarani, inasaidia mtembezi kuliko ile inayomwaga nusu yake mbinguni. Hiyo ni hesabu inayofaa kufanywa sasa, wakati taa za jua zinaendelea kuwekwa, kuliko kungoja mpaka watoto waulize utepe mweupe ulienda wapi.

Kwa leo, mwenye kuanza achukue kijitabu. Kila usiku aandike tarehe, saa, mwezi ulikuwa wapi, sekunde ngapi, ISO ngapi, na kilichoharibika. Asibadilishe mambo yote kwa mara moja. Abadilishe moja, apige, aangalie. Foto ya kwanza haitafanana na zile za mtandao, zilizopigwa kwa vyombo vya bei kubwa na kutengenezwa siku nyingi. Ikitoka na nyota nukta nukta, na utepe hafifu juu ya paa la jirani, basi imefaulu.