Majina Mawili, Mtaro Mmoja

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, intaneti ya Tanzania ilishuka vibaya, na kwa wengi ilizimika kabisa. Kampuni za simu ambazo kwa miaka zimegombania wateja kwa bei na matangazo zilianguka siku moja. Mtu wa Iringa au Mbeya mwenye laini tatu aliweza kuzijaribu zote na kukuta hali ni ileile. Inakuwaje kampuni tofauti zikatike pamoja?

Jibu lilikuwa chini ya bahari, kaskazini mwa Durban. Nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini. Seacom ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, na sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na dunia ilizitegemea hizo. Upande wa kaskazini nao ulikuwa na jeraha. Tangu Februari nyaya kadhaa za Bahari ya Shamu, Seacom ikiwamo, zilikuwa zimekatika. Inaaminika zilikatwa na nanga ya Rubymar, meli iliyoshambuliwa na Wahouthi. Kampuni zilikuwa nyingi, njia zilikuwa chache.

Nyanda za Juu Kusini zina historia ndefu ya jambo hili, na inaanza kabla ya intaneti. Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia. Zambia, iliyokuwa huru kwa mwaka mmoja tu, ilisafirisha shaba yake na kupokea mafuta yake hasa kwa reli iliyopita humohumo. Mlango huo ulipoanza kufungwa, malori ya mafuta yalipanda kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma, kwenye barabara mbovu kiasi kwamba iliitwa njia ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilianza kupeleka mafuta Ndola. Mwaka 1970 Wachina walianza kujenga TAZARA, wakaikabidhi Julai 1976. Katika miaka kumi hivi, Zambia ilipata barabara, bomba na reli, zote kupitia nyanda hizi.

Lakini tazama ramani. Reli hupita Ifakara na Mlimba, haigusi Iringa mjini. Barabara hupita Mikumi, hupanda Mlima Kitonga, hufika Iringa, kisha Mafinga. Zinakutana Makambako. Lori likipinduka Kitonga na kuziba barabara, treni haina habari. Kutoka Makambako kwenda Mbeya na Tunduma mambo ni mengine: reli na barabara huenda zikifuatana, na mafuriko ya sehemu moja yanaweza kuzigusa zote mbili.

Mafundi wa mitandao walirithi swali hilohilo. Januari 1989, mjini Austin, Marekani, Kirk Lougheed na Yakov Rekhter walichora kwenye karatasi za kujipangusia mezani utaratibu ulioitwa BGP. Wazo lenyewe si gumu. Kila mtandao mkubwa una namba yake. Huwaambia majirani zake, "anwani hizi zinafikika kupitia kwangu." Jirani mmoja akinyamaza, wengine huchagua njia iliyobaki. Kwa utaratibu huu chuo au benki inaweza kuunganishwa na watoa huduma wawili na bado ikajulikana kwa anwani zake zilezile.

Ofisi ndogo ya Mwanjelwa haina namba hiyo. Hununua ruta yenye matundu mawili, ikagawa mzigo: mawasiliano haya yapite huku, yale kule. Hufanya kazi vizuri, ila ukihamishwa katikati ya muamala, benki huona anwani mpya na kukutaka uingie upya.

Ruta hiyo na BGP zina upofu mmoja. Zinaona majina ya mitandao, hazioni udongo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na kusimamiwa na TTCL, ulifika Tunduma na Kasumulu, ukazipa Zambia na Malawi njia ya kufika baharini. Ulipangwa kwa mizunguko, ili ukikatika upande mmoja, mawasiliano yageukie mwingine. Hata hivyo watoa huduma wengi hukodi nafasi kwenye mkongo huohuo. Unaweza kulipa ankara mbili kila mwezi, kwa kampuni mbili zenye rangi tofauti, na data zako zikalala kwenye mtaro mmoja kando ya barabara, zikisubiri jembe la greda moja.

Mei ile Kenya iliyumba pia, lakini haikuanguka kama sisi. Mombasa ilikuwa na TEAMS, waya unaoelekea Fujairah bila kupita Durban wala Bahari ya Shamu.

Kwa hospitali ya Iringa inayotuma picha za mionzi, au wakala wa fedha za simu pale Mafinga, haitoshi kuuliza wana laini ngapi. Kabla ya kusaini mkataba wa pili, mwulize mtoa huduma akuonyeshe ramani, na uweke kidole mahali njia yake inapokutana na ile uliyonayo. Kila njia ina Makambako yake. Ni afadhali kuijua kabla haijakatika.