Mwalimu Aliyewahoji Nyuki: Kisa cha Charles Henry Turner





Tulipokuwa tukisoma Surat An-Nahl darasani, kijana wetu mmoja alinyanyua mkono akauliza: "Ustadh, watu wamejuaje kuwa nyuki anaona rangi? Nani alimuuliza?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu swali lenyewe ni zuri, na jibu lake lina kisa ambacho wazazi na wanafunzi wengi hawajapata kukisikia. Aliyewahoji nyuki alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu mweusi, ambaye hakuwa hata na maabara.

Ni nani huyu?

Charles Henry Turner alizaliwa tarehe 3 Februari 1867 katika mji wa Cincinnati, Marekani. Ulikuwa umepita mwaka mmoja na ushei tu tangu utumwa upigwe marufuku nchi nzima. Alisoma Chuo Kikuu cha Cincinnati, akapata shahada ya kwanza mwaka 1891 na ya uzamili mwaka 1892. Mwaka 1907 Chuo Kikuu cha Chicago kilimtunuku shahada ya udaktari katika elimu ya wanyama.

Mtu mwenye elimu kama hiyo angetarajiwa apewe nafasi ya utafiti katika chuo kikubwa. Hakuipata. Kuanzia mwaka 1908 hadi 1922 alifundisha katika shule ya sekondari ya Sumner mjini St. Louis, jimbo la Missouri, ambako sheria iliwatenga watoto weusi na weupe katika shule mbalimbali. Aliwafundisha watoto wa watu wake, na muda uliobaki akautumia kuwatazama wadudu kwa vifaa alivyojitengenezea mwenyewe. Pamoja na hayo aliandika makala za kitaalamu zipatazo 70.

Sisimizi na njia ya nyumbani

Zama hizo wapo wataalamu walioshikilia kuwa mdudu ni kama mashine: husukumwa na harufu au mwanga, wala hajifunzi kitu. Turner hakutaka kubishana kwa maneno. Katika utafiti uliompatia udaktari alitengeneza jukwaa dogo lenye mteremko wa kufikia kiota. Sisimizi walipokwisha kuizoea njia, akawa anabadilisha jambo moja moja: mara mteremko, mara upande unaotoka mwanga. Alikuta kwamba hawategemei harufu peke yake. Mwanga huwaongoza, na mazoea nayo yana nafasi yake. Tena aliona sisimizi anayerudi kiotani huzungukazunguka kabla ya kupata mlango. Mtaalamu mmoja Mfaransa, Victor Cornetz, akauita mwendo huo kwa jina la Turner.

Nyuki na kizibo cha soda

Si nyuki wote wanaoishi mzingani. Wapo wanaoishi mmoja mmoja katika mashimo ya ardhini. Turner alimwona mmoja ambaye shimo lake lilikuwa karibu na kizibo cha chupa ya soda. Nyuki alipokuwa matembezini, Turner alikichukua kile kizibo akakiweka kando ya shimo jingine. Nyuki aliporudi aliliendea shimo lenye kizibo! Kumbe alikuwa amekariri alama za mahali, kama sisi tunavyomwelekeza mgeni kwa kumtajia mwembe au duka la kona. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1908.

Rangi

Sasa turudi kwenye swali la kijana wetu. Mwaka 1910, katika bustani ya O'Fallon mjini St. Louis, Turner aliweka vibao vya duara vya kadibodi nyekundu vyenye asali. Nyuki walipovizoea, akaweka jirani vibao vya rangi nyingine. Nyuki wakaviacha, wakaviendea vyekundu. Mwaka uliofuata alionyesha kuwa wanatofautisha pia michoro.

Hata hivyo jaribio la rangi lilibakiza mwanya. Huenda nyuki alitambua weusi na weupe wa kibao tu, si rangi yenyewe? Mwaka 1914 Karl von Frisch, Mwaustria, aliuziba mwanya huo. Alikiweka kibao cha buluu katikati ya vibao vya kijivu, kuanzia cheupe hadi cheusi, na nyuki wakakipata cha buluu. Chekundu walikichanganya na cheusi. Basi tukajua kwamba nyuki huona rangi, lakini wekundu hauoni kama sisi tuuonavyo. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda: wa kwanza hufungua mlango, wa pili huuliza kilichobaki.

Baadaye Niko Tinbergen, Mholanzi, alipanga koni za misonobari kuzunguka shimo la nyigu, kisha akazihamisha. Nyigu akafuata koni. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1932, miaka 24 baada ya kile kizibo cha soda. Mwaka 1973 Frisch na Tinbergen, pamoja na Konrad Lorenz, walipewa Tuzo ya Nobel. Turner alikuwa amefariki tangu tarehe 14 Februari 1923, na kwa miongo mingi wachache tu walilitaja jina lake.

Tunachojifunza

Ndugu zetu, mara ngapi tumesema watoto wetu hawawezi kitu kwa kuwa shule yao haina vifaa? Vifaa ni haki yao, na tuendelee kuvidai. Lakini tusiwafundishe kukaa na kungoja. Turner alidhulumiwa nafasi, na dhuluma ni dhuluma, hatuipambi. Ila hakukubali imnyang'anye swali lake.

Yule kijana tumempa jibu, na kazi ya nyumbani juu yake. Aweke sukari kidogo karibu na msafara wa sisimizi, angoje waizoee njia, kisha apanguse kipande cha njia hiyo kwa kitambaa chenye maji. Aandike alichokiona, si alichotarajia kukiona. Wazazi, tunawaomba mkae naye chini mtazame pamoja. Na mtoto akikuuliza "umejuaje?", usimkaripie.

Wabillahi tawfiq.