Nani kashinda? Jaji, farasi na kamera

Mwezi Septemba 2025 Watanzania wengi tulikodoa macho kwenye picha moja ya ajabu. Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walikuwa wamekimbia kilomita 42 kule Tokyo, wakavuka mstari sako kwa bako, na wote wawili wakaandikiwa muda uleule: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi picha itazamwe. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza kwenye mashindano ya dunia ya riadha.

Kamera ya namna ile ina historia ndefu, na sehemu tamu ya historia hiyo haiko kwenye riadha. Iko kwenye mbio za farasi na mbwa. Kwa maneno mengine, iko kwenye kamari. Twende taratibu.

Zamani kule Uingereza mshindi wa mbio za farasi aliamuliwa na mtu mmoja. Jaji alikaa kwenye kibanda chake usawa wa nguzo ya kumalizia, farasi wakapita, akatangaza. Alichosema kuwa amekiona ndicho kilichohesabika kuwa kimetokea.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Farasi wa mbio hukimbia karibu kilomita 60 kwa saa, yaani zaidi ya mita 16 kila sekunde. Ukipepesa jicho kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, farasi ameshasogea mita moja na nusu. Na mshindi anaweza kupatikana kwa urefu wa pua! (Kwenye riadha kinachohesabiwa ni kiwiliwili. Kwa farasi na mbwa ni pua.)

Kuna tatizo jingine, la mahali uliposimama. Ukiwa upande ambao farasi bado hawajafika mstarini, yule aliye karibu nawe ataonekana ametangulia. Ukiwa upande wa pili, baada ya mstari, wa mbali ndiye ataonekana yuko mbele. Ndiyo maana watu elfu kumi jukwaani wanaweza kuapa kwa dhati kabisa kuhusu washindi wawili tofauti, na asiwepo mwongo hata mmoja.

Mwaka 1913 ndio unaonyesha vizuri kilichokuwa hatarini. Kulikuwa na farasi anaitwa Craganour, mali ya Bower Ismay. Jina hilo la Ismay mnalifahamu: kaka yake, Bruce, ndiye aliyekuwa mkuu wa kampuni ya meli ya Titanic, na alinusurika meli ilipozama mwaka 1912. Katika mbio za 2000 Guineas pale Newmarket, watazamaji wengi waliamini Craganour ameshinda. Jaji, Charles Robinson, akampa ushindi farasi mwingine, Louvois, kwa tofauti ya kichwa. Basi, yakaisha hivyo.

Wiki chache baadaye, tarehe 4 Juni, ikaja Derby ya Epsom. Hii ndiyo Derby ambayo Emily Davison, mwanaharakati wa haki ya wanawake kupiga kura, aliingia njiani akagongwa na Anmer, farasi wa Mfalme, na akafariki siku nne baadaye. Huko mbele Craganour na Aboyeur walimaliza wakigongana. Jaji yuleyule, Robinson, akatangaza Craganour wa kwanza. Halafu wasimamizi wa mbio wenyewe wakafungua shauri, wakamwondoa Craganour kwa kosa la kumsukuma mwenzake, na ushindi ukaenda kwa Aboyeur, farasi ambaye wenye kamari walimpa nafasi moja kwa mia. Minong'ono ikaanza kwamba Ismay anaadhibiwa kwa dhambi za Titanic.

Lakini kinachonivutia mimi ni kitu kidogo zaidi. Picha za siku ile zinaonyesha farasi mwingine, Day Comet, amemaliza wa tatu. Jaji hakumtaja kabisa! Kwenye matokeo rasmi ni kama hakuwepo kati ya watatu wa mbele. Tazama hilo vizuri: ushahidi ulikuwepo, wapiga picha wa magazeti walikuwa nao, lakini haukuwa na kiti mezani. Neno la mzee kwenye kibanda lilikuwa na uzito kuliko picha.

Na si kwamba wazo halikuwepo. Eadweard Muybridge, yule aliyepiga picha za farasi akikimbia kule California mwaka 1878 kwa kupanga kamera 12 mfululizo, alikwisha kuandika mwaka 1882 kwamba siku zinakuja ambapo mbio kubwa hazitaamuliwa bila msaada wa picha. Ilichukua zaidi ya nusu karne.

Sababu moja ni ufundi. Kamera ya kawaida lazima uifyatue sekunde ileile pua inapogusa mstari. Ukiwahi au ukichelewa, umekosa. Kamera ya sinema nayo hupiga picha 24 kwa sekunde, na kati ya picha moja na nyingine farasi anasogea karibu sentimita 70. Pua imeshapita zamani.

Jibu lilikuwa la akili sana. Badala ya kupiga picha ya uwanja, kamera inatazama mstari wa kumalizia tu, kupitia upenyo mwembamba uliosimama wima, huku mkanda wa filamu ukipita nyuma ya upenyo huo bila kusimama. Kila farasi anajichora mwenyewe anapopita: pua kwanza, shingo, mpaka mkia. Kwa hiyo picha ile unayoiona si ya mahali, ni ya muda. Kushoto na kulia kwake maana yake ni kabla na baada. Wakawekea na kioo upande wa pili wa njia, ili farasi wa karibu asimfiche wa mbali.

Sababu ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ni pesa. California iliruhusu kamari ya farasi mwaka 1933. Fedha za watu wa kawaida zilipoanza kumiminika, hakuna mwenye kiwanja aliyetaka umati wenye hasira nje ya kibanda cha jaji. Uwanja wa Del Mar, uliofunguliwa mwaka 1937 na akina Bing Crosby, yule mwimbaji, ulikuwa na kamera iliyotengenezwa na Lorenzo del Riccio, fundi wa studio za filamu za Paramount. Uingereza ilisubiri mpaka Aprili 1947, pale Epsom, na mwaka 1949 Nimbus akawa mshindi wa kwanza wa Derby kuamuliwa kwa picha.

Mbwa je? Mbio za mbwa za kisasa, zile za kumfukuza sungura wa bandia, zilianza Uingereza mwaka 1926 pale Belle Vue, Manchester. Ulikuwa mchezo wa wafanyakazi, usiku, chini ya taa, baada ya kutoka kiwandani. Mbwa sita wanapita kama risasi, hakuna mpanda farasi wa kumuuliza, wanaotofautishwa na vijikoti vyenye rangi na namba. Mtu ameweka sehemu ya mshahara wake wa wiki pale. Mwambie umeona kwa jicho tu uone.

Cha kufurahisha ni kwamba kamera haikumaliza sare. Tarehe 10 Juni 1944, kwenye Carter Handicap pale Aqueduct, New York, picha ilionyesha farasi watatu wamefika pamoja: Brownie, Bossuet na Wait a Bit. Jaji wa zamani pengine angelazimika kuchagua mmoja. Picha ilimpa ruhusa ya kusema hawa wamelingana, gaweni.

Na haikumwondoa binadamu pia. Mpaka leo kuna mtu anayeitazama ile picha, anaweka mstari kwenye ncha ya pua na kusoma. Anaweza kukosea. Tofauti na enzi za Robinson ni kwamba aliyeshindwa anaweza kuitazama picha ileile.

Kwangu hapo ndipo ilipo faida. Huenda Robinson alikuwa mtu mwaminifu kabisa, lakini uaminifu wake ulikuwa kichwani mwake, na hakuna aliyeweza kuukagua. Mwenye mkeka uliochanika anavumilia kupoteza pesa. Asichovumilia ni kuambiwa niamini, nilikuwepo. Sisi tunaoandika magazetini tungelikumbuka hilo, na wale wanaohesabu mambo mengine, mazito kuliko farasi, walikumbuke zaidi.