"Yeye" na Kosa la Kidato cha Kwanza

Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare, akaiita *Mabepari wa Venisi* (1969), Portia aliyejigeuza wakili mwanamume alibaki "yeye" yuleyule. Kiingereza kingedai "he" kwa wakili na "she" kwa bibi. Kiswahili hupanga nomino kwa ngeli; hakiulizi mume wala mke.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Basi mtoto wa Mbezi Luis aingiapo kidato cha kwanza humwita mama yake "he", na darasa likacheka. Wanamwonea. Hakusahau jinsia ya mzazi wake; amefuata sarufi aliyolelewa nayo. Mwalimu amwonyeshe kwanza tofauti hiyo, ndipo amsahihishe.