Jina la Mtungaji katika Michezo Midogo ya Kompyuta

Wako watu wadhanio kuwa mchezo wa kompyuta si jambo la kuandikiwa insha. Husema kuwa ni upuzi wa watoto, au kuwa ni biashara ya makampuni makubwa, na mtu mzima mwenye vitabu hana haja nao. Mimi si mchezaji hodari. Hucheza nusu saa au saa moja usiku, kazi za mchana zikiisha, na siku nyingi sichezi kabisa. Lakini katika kucheza huku kwa nadra nimeona jambo lidailo kuelezwa kwa taratibu ya historia. Michezo midogo, yaani ile itungwayo na mtu mmoja au watu wachache bila ya amri ya kampuni kubwa, si kizazi kipya kama wengi wasemavyo. Ndiyo iliyotangulia. Michezo mikubwa ya biashara ilikuja baadaye, na haikukawia kumnyima mtungaji jina lake.

Mwezi wa Oktoba, 1958, William Higinbotham, mtaalamu wa fizikia katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, alitaka kuwaburudisha wageni waliokuja kuitazama maabara. Aliunganisha kompyuta na osiloskopu, chombo chenye kioo kidogo cha duara cha kuonyeshea mawimbi ya umeme, akafanya mchezo wa tenisi wa watu wawili. Bwana huyu alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi ya bomu la atomiki wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mchezo wake hakuudai kuwa mali yake, na vyombo vyake vilifunguliwa baadaye vikatumiwa kwa kazi nyingine. Mwaka wa 1962 Steve Russell na wenzake katika chuo cha MIT wakatunga Spacewar!, vita vya vyombo viwili vya angani vinavyopigana karibu na nyota iwavutayo wote wawili. Nao hawakuuza. Nakala zilipita bure mikononi mwa watu waliokuwa na mtambo wa namna ile, na kila aliyetaka kuongeza kitu aliongeza.

Biashara ilipoingia mambo yalibadilika. Kampuni ya Atari iliundwa Marekani mwaka wa 1972, na kufikia mwisho wa miaka ile ilikuwa ikiuza michezo katika katriji za kuchomeka nyumbani. Katriji moja aghalabu ilikuwa kazi ya mtu mmoja: alibuni, akaandika programu, akachora, akatia sauti. Walakini jina lake halikuandikwa popote. Warren Robinett, mtungaji wa mchezo uitwao Adventure, alijilipizia kwa hila. Alificha ndani ya mchezo chumba cha siri, na mchezaji aliyeokota nukta moja ndogo isiyoonekana kwa urahisi, akaichukua hadi mahali palipotakiwa, aliingia chumbani akasoma jina la aliyeutunga. Siri ilipofichuka mwaka wa 1980 Robinett alikuwa amekwisha acha kazi. Mwaka mmoja kabla ya hapo waandishi wanne wa programu wa kampuni ile walikuwa wametoka wakaunda kampuni yao, Activision, iliyowatangaza watungaji wake kwa majina.

Msomaji aweza kuuliza kuna ubaya gani kazi ikikosa jina. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na hapana amjuaye kwa jina aliyelibuni. Wala hatuoni kuwa limepungukiwa. Jawabu langu ni kwamba bao halikutiwa ghalani na mtu akaliwekea chapa yake. Kukosa jina ni jambo moja, na kunyimwa jina ni jambo jingine.

Tena isidhaniwe kuwa upweke wa mtungaji peke yake ni dawa. Mwaka wa 1982 Howard Scott Warshaw alipewa majuma matano tu kuutunga mchezo wa E.T., ili uwahi sikukuu ya Krismasi. Programu ilikuwa kazi ya mtu mmoja, lakini wakati haukuwa wake. Mchezo ulichukiza wanunuzi, na mwaka wa 1983, soko la michezo ya nyumbani lilipoporomoka Marekani, katriji nyingi zilizokosa mnunuzi zilifukiwa jaani karibu na Alamogordo, New Mexico. Zilifukuliwa mwaka wa 2014, na Warshaw mwenyewe akiwapo akitazama.

Wakati soko la Marekani likianguka, Uingereza ilikuwa imejaa kompyuta za bei nafuu, na vijana walizitumia vyumbani mwao. Matthew Smith hakuwa ametimiza miaka 18 alipotoa Manic Miner mwaka wa 1983, mchezo wa mchimba madini apitaye mapango 20, wote ukiingia katika kumbukumbu ya kilobaiti 48. Mwaka uliofuata wanafunzi wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa Elite, na katika kompyuta yenye kumbukumbu ndogo kuliko hiyo walitia makundi 8 ya nyota, kila kundi nyota 256, kila nyota na biashara yake. Hawakuziandika moja moja, kwani hapakuwa na nafasi. Waliandika kanuni ya hesabu ya kuzizalisha. Kwangu mimi hili ndilo jambo tamu kuliko yote katika historia hii. Ufinyu wa chombo uliwalazimisha kufikiri kama mshairi afikirivyo juu ya mizani.

Alexey Pajitnov, mtungaji wa Tetris, alifanya kazi katika taasisi ya serikali mjini Moscow. Mchezo wake ulizunguka dunia nzima, naye hakuanza kupata malipo ya haki ya utunzi mpaka 1996.

Intaneti ilipoenea, njia ya kumfikia mchezaji bila ya duka wala katriji ilifunguka tena. Daisuke Amaya wa Japani alitumia miaka mitano ya saa zake za mapumziko kuutunga Cave Story, hadithi, picha na muziki, akautoa bure mwaka wa 2004. Toka hapo watungaji wa namna hii wamekuwa wengi mno, na sitawataja wote. Nataka kukaa na mmoja, kwa sababu kazi yake yanionyesha yale yawezekanayo kwa akili moja na yasiyoelekea kupita katika baraza la wakurugenzi.

Huyu ni Lucas Pope, Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani, na mchezo wake, Papers, Please, ulitoka mwaka wa 2013. Mchezaji ni afisa wa uhamiaji mpakani mwa nchi ya kubuniwa iitwayo Arstotzka, mwaka wa 1982. Kazi ni kutazama pasipoti na vibali, kulinganisha tarehe, kupiga muhuri. Mshahara wategemea hesabu ya watu walioshughulikiwa bila ya kosa, na nyumbani wako jamaa watakao chakula, moto na dawa. Apita mwanamume ambaye karatasi zake ni kamili. Aomba kwamba mkewe, aliye nyuma yake, atendewe wema. Mke aja, na kibali hana. Hapana shetani wa kupigana naye. Lipo dawati, upo muhuri, na yako makato ya mshahara kwa akoseaye. Nimesoma riwaya nyingi juu ya utumishi wa serikali za kidhalimu, lakini ni chache zilizonifanya nijione mimi mwenyewe nikiwa mwepesi wa kukataa watu kwa sababu kodi ya nyumba imekaribia.

Sisemi kuwa udogo ni sifa. Michezo midogo mingi ni mibaya. Iko iigayo picha za vijiraba za miaka ya 1980 bila ya kuwa na sababu, kama mtu avaaye joho la babu yake sokoni. Iko mingine iliyo migumu makusudi, ili atakayeshinda apate la kujisifia. Hiyo mimi huifunga upesi, maana nina kazi asubuhi. Niipendayo ni ile ijuayo mwisho wake. A Short Hike wa Adam Robinson-Yu, uliotoka 2019, ni habari za ndege apandaye mlima ili apate mawimbi ya simu, na kwa saa mbili hivi umekwisha. Simu yatoka kwa nani, sitasema.

Gharama yake watungaji huilipa kwa miili yao. Eric Barone aliutunga Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne, huku akiwaonyesha watu viti katika jumba la maonyesho mjini Seattle ili apate pesa, mpaka ulipotoka 2016. Yeye alitajirika. Dong Nguyen wa Vietnam naye alipata fedha nyingi kwa mchezo wake mdogo, Flappy Bird, lakini aliuondoa sokoni mwezi wa Februari, 2014, akisema hawezi kuvumilia tena. Nao wapo wasiopata fedha wala kusikika: katika duka la Steam, mwaka wa 2023 peke yake ilitolewa michezo zaidi ya 10,000.

Kisha liko suala la kuhifadhi. Maelfu ya michezo midogo ilitungwa kwa programu ya Flash na kuchezwa bure katika kurasa za intaneti. Kampuni iliyoimiliki iliacha kuitegemeza mwisho wa mwaka wa 2020, na michezo ile ikanyamaza. Toka 2018 watu wa kujitolea wamekuwa wakiikusanya katika hazina iitwayo Flashpoint, nao wameokoa zaidi ya 100,000. Kwa kila mmoja huandika mwaka uliotoka na jina la mtungaji, likijulikana.