Makala, mbabula na waya unaopita juu: historia ya moto wa nyumbani Kolwezi

Kila alfajiri, kwenye barabara zinazoingia Kolwezi, kuna wanaume wanaosukuma baiskeli zilizobeba magunia ya makala yaliyofungwa kwa kamba za mpira. Hawazipandi. Baiskeli imekuwa toroli. Makala hayo ndiyo yanayopika bukari, sombe na maharage ya mji uliojengwa juu ya shaba na kobalti, mji ambao pia ni mwisho wa mojawapo ya nyaya ndefu za umeme duniani. Namna mambo hayo mawili yalivyokuja kukaa pamoja ni historia inayopaswa kujulikana kabla mtu hajamwambia mama yeyote wa Manika au Dilala kwamba anaharibu msitu.

Makala ni ya zamani kuliko mji wenyewe. Kabla Wazungu hawajafika, Wasanga na baadaye Wayeke walikuwa wakiyeyusha shaba kwa makala ya miti ya hapa hapa. Dikuluwe, karibu na Kolwezi ya leo, palikuwa pahali pao pamojawapo. Askofu Jean-Félix de Hemptinne wa Katanga alichapisha maelezo ya kazi hiyo mwaka 1926, akiwaita watu hao "wala shaba". Walianza baada ya mavuno ya mtama, kiangazi kilipoingia. Walijenga tanuru ndogo kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta, wakapata shaba ya kutengeneza ile misalaba midogo iliyotumika kama mali na mahari. Mvua ilipokaribia waliacha, wakarudi shambani. Miti waliikata, hilo halikataliwi, lakini kazi ilikuwa ya miezi michache kwa mwaka, na msitu ulipata muda wa kuchipua.

Muda huo uliisha na Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906. Shaba ya kwanza ya kiwanda cha Lubumbashi ilitoka mwaka 1911, na kwa miaka mingi treni za Katanga zilikula kuni kama kawaida. Baadaye kampuni iligundua kwamba maji yanafaa kuliko kuni. Kusafisha shaba kwa umeme kunataka nguvu nyingi, usiku na mchana, kwa hiyo mito ikafungwa: Lufira huko Mwadingusha mwaka 1930, kisha Koni mwaka 1950. Kolwezi, mji ulioanza mwaka 1937, ulipata ya kwake juu ya Lualaba: Nzilo mwaka 1952, na Nseke mwaka 1956. Hata reli, kuanzia mwaka 1952, ilianza kutumia umeme kati ya Likasi na Tenke. Kwa maneno mengine, viwanda vya Katanga viliacha kuni zaidi ya miaka 70 iliyopita. Nyumba ndizo zilizobaki nyuma.

Si nyumba zote. Mfanyakazi wa Union Minière, na baada ya serikali kuichukua kampuni mwaka 1967, mfanyakazi wa Gécamines, alipewa nyumba, maji, hospitali, shule ya watoto na unga wa kila mwezi. Katika kambi kama Musonoi, Luilu na Kapata, umeme ulikuwa sehemu ya maisha, na mama wengi walipika kwenye resho. Mbabula ilikuwepo, lakini kwa maharage na kwa siku za sherehe. Watu waliita kampuni baba na mama. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alipoandika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi hao, alikiita kitabu cha wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Nje ya kambi, katika mitaa ya watu wasio na kazi ya kampuni, na vijijini, hakukuwa na baba wa kuwaacha. Huko makala na kuni havikuwahi kuondoka.

Halafu likaja jambo ambalo wazee bado wanalisimulia kwa kutikisa kichwa. Serikali ya Mobutu ilijenga laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, kule karibu na bahari, mpaka Kolwezi, takribani kilomita 1,700. Ilimalizika mwaka 1982. Kazi yake ilikuwa kulisha migodi. Umeme wake ni wa mkondo mmoja usiobadilika, aina inayofaa kusafiri mbali lakini isiyoweza kuchotwa njiani kwa transfoma ya kawaida. Hivyo waya ulipita juu ya vijiji vya Bandundu, Kasai na Katanga bila kuwasha hata taa moja. Mtu aliweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka chini ya waya huo huku akipika kwa kuni. Mpaka leo, katika nchi nzima, ni takribani mtu mmoja kati ya watano tu anayepata umeme.

Kisha Gécamines yenyewe ikaanguka. Mwezi wa tisa mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka. Uzalishaji wa shaba, uliokuwa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulishuka katika miaka michache hadi chini ya sehemu moja ya kumi. Mwaka 1993 familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa. Maelfu walingoja treni kwenye stesheni za Kolwezi na Likasi, wakilala na kupika hapo hapo kwa chochote kilichowaka. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Mishahara ilikwisha, unga ukakoma, umeme ukaanza kukatwa kwa zamu. Resho ziliwekwa juu ya kabati. Mbabula ikarudi katikati ya ua, na baadhi ya waliokuwa wakichimba shaba wakaenda msituni kuchoma makala.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Tanuru la udongo linalotumika msituni hutoa kilo moja ya makala kwa kilo saba hadi kumi za kuni kavu. Miti inayopendwa ni ile ya miombo yenye makala magumu, kama muputu na mutondo. Hiyo hiyo ndiyo miti ya viwavi vinavyoliwa mvua zikianza, na chini yake ndipo uyoga unapoota. Anayenunua gunia mjini hununua na chakula cha mtu mwingine bila kujua.

Nyumbani, hata hivyo, kuna mambo ya kufanya, na karibu yote bibi zetu waliyajua. Mbabula ya bati yenye matundu pande zote inapoteza moto kwa upepo. Inapasha ua kuliko sufuria. Ikiwekwa kwenye kona iliyokingwa, na ndani ikikandikwa udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu uliochanganywa na majivu, joto linabaki pale linapotakiwa. Udongo ukauke taratibu kivulini kwa siku kadhaa, la sivyo unapasuka siku ya kwanza. Wazo hilo la bati nje na udongo ndani ndilo lililofanywa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na majiko ya namna hiyo yanaweza kupunguza makala kwa theluthi moja, mengine hata nusu. Goma nako, ambako makala ya mbuga ya Virunga yalikuwa yameleta mpaka mauaji ya sokwe mwaka 2007, shirika la WWF lilianza mwaka huo huo kusaidia wakulima kupanda miti ya makala kwenye mashamba yao, na majiko ya kubana moto yakatengenezwa na mafundi wa mji.

Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi. Yakishachemka vizuri na kifuniko kikiwa kimekaa sawa, sufuria inaweza kutolewa motoni, ikaviringishwa blanketi na kuwekwa ndani ya kikapu au boksi lililojazwa nguo kuukuu. Yanaendelea kuiva yenyewe kwa saa kadhaa, kisha yanarudishwa motoni kidogo kabla ya kuliwa. Makaa yaliyobaki yazimwe kwa mchanga au kwenye kopo lenye kifuniko, si kwa maji, na kesho yatawaka tena. Vumbi la makala lililobaki chini ya gunia lisitupwe: likikandwa na udongo kidogo na maji ya kuchemshia unga, linakuwa mabonge ya kupikia polepole.

Moja lisisahauliwe, maana linaua. Kolwezi iko juu, karibu mita 1,400 toka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba una baridi kali. Familia iliyohama na kukaa katika chumba kimoja hushawishika kuingiza mbabula ndani ili watoto wapate joto. Makala yakiwaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na waliolala hawaamki. Mbabula inakaa nje hata kama hakuna moshi.

Familia hizo zilizohama, katika Kolwezi ya leo, si wakimbizi wa vita peke yao. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo. Watu walichimba ndani ya vyumba vya kulala, jikoni, uani. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na mamia ya familia yakaondolewa. Fidia ilihesabu nyumba. Mti wa embe uliopandwa na baba na kisima cha jirani ni vigumu kuhesabika, na aliyehamia ploti mpya isiyo na mti alianza kununua kivuli, matunda na kuni kwa pesa. Ndiyo maana mche wa mparachichi au mwembe ukingoni mwa ploti, pamoja na kitalu cha lenga-lenga na matembele kilichomwagiwa maji yaliyooshea mboga, ni akiba zaidi ya kuwa pambo.

Lakini katika mji huu hata bustani inataka kuulizwa udongo wake umetoka wapi. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha walichokuta Kasulo: watoto walioishi kati ya mashimo walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko wa mtaa mwingine, na vumbi la nyumbani lilikuwa njia mojawapo. Udongo uliotolewa shimoni haufai kwa mboga, hata ukionekana mwekundu na mzuri. Nyumba inyunyiziwe maji kabla ya kufagia, magunia ya madini yasilale chumba kimoja na watoto, na majani ya mboga yaoshwe kwa maji safi mara mbili, hasa yale ya kando ya barabara ya malori.

Yote hayo yanapunguza, hayaondoi. Bwawa la Busanga, megawati 240 juu ya Lualaba ile ile, lilijengwa miaka ya karibuni hasa kwa ajili ya mgodi wa Sicomines. Migodi mingine inanunua umeme Zambia. Mama anayekandika mbabula yake anaokoa magunia kadhaa kwa mwaka. Nyumba zote za mtaa zikipata umeme wa kutosha resho moja, msitu mzima unapumua. Swali hilo si lake kulijibu, ni la mkutano wa mtaa na mkuu wa quartier, na la jimbo la Lualaba lenyewe.

Msitu bado haujakata tamaa. Kisiki cha mutondo kikikatwa na shoka kikaachwa, huchipua chenyewe toka mizizini. Huko Ndola, upande wa pili wa mpaka, vipande vya miombo vimepimwa tangu miaka ya 1930: palipochomwa mwisho wa kiangazi kila mwaka pamebaki majani matupu, na pasipochomwa pamerudi kuwa msitu. Kuzunguka Kolwezi moto unawashwa zaidi kati ya mwezi wa nane na wa tisa, na wachoma makala wanaotoka mjini ndio wanaopita kwanza kwenye majivu hayo kutafuta visiki vilivyobaki.