KABLA HATUJABEBA MABANGO: KISA CHA WICHITA



Wiki hii vijana wetu wawili wameniandikia kwenye inboksi, kila mmoja kivyake, na swali ni moja: "Pasta, mbona sisi hatuendi kusimama nje ya zile kliniki kama Wakristo wa Marekani?" Wameona video. Ni swali la haki na haliwezi kujibiwa kwa mstari mmoja, kwa hivyo chukua chai yako, keti, tusome historia kidogo. Leo ujumbe ni mrefu, nivumilie.

Msimamo wangu unaujua. Nikisoma Zaburi 139 na Yeremia sura ya kwanza, siwezi kusema kilicho tumboni ni donge la damu tu. Hilo halijabadilika. Ninachotaka tuangalie ni yaliyowapata ndugu zetu walioamini hivyo hivyo, wakaingia nalo barabarani.

Kwanza, wengi wetu tunadhani walokole wa Marekani walipinga jambo hili tangu siku ya kwanza. Sivyo. Mwaka 1971 Wabaptisti wa Kusini walipitisha azimio la kutaka sheria iruhusu kutoa mimba katika hali fulani, kama ubakaji, ulemavu mkubwa wa mtoto, au madhara kwa afya ya mama, hata afya ya akili. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa uamuzi wa Roe v. Wade tarehe 22 Januari 1973, waliopaza sauti mapema zaidi walikuwa Wakatoliki. Walokole walikuja nyuma, kuelekea mwisho wa miaka ya 1970. (Kumbuka hilo siku utakayotaka kumcheka jirani yako Mkatoliki.)

Katika miaka ya 1980 akatokea kijana anayeitwa Randall Terry. Huyu si mgeni sana kwetu, kwa maana alisoma katika chuo cha Biblia cha Elim, jimbo la New York, chuo cha Kipentekoste ambacho jamaa yake ya makanisa ilituma wamisionari hapa Kenya. Terry alianzisha kundi la Operation Rescue. Mbinu yao ilikuwa rahisi: watu wanakuja wengi, wanaketi chini mbele ya mlango wa kliniki, wanaimba na kuomba, na polisi wakija hawapigani, wanabebwa tu. Mwaka 1988, kule Atlanta, walikamatwa zaidi ya watu 1,000.

Halafu ikaja Wichita, jimbo la Kansas, Julai 1991. Walipanga kukaa wiki moja, wakakaa karibu wiki sita. Walilenga hasa kliniki ya daktari George Tiller, mmoja wa madaktari wachache nchini humo waliotoa mimba zilizokwisha kukua sana. Watu walilala mbele ya magari. Jaji wa mahakama ya shirikisho, Patrick Kelly, aliamuru njia ifunguliwe, wakakataa. Hadi mwisho, waliokamatwa walipita 2,600, wakiwemo wachungaji na akina nyanya. Tarehe 25 Agosti uwanja wa mpira ukajaa watu wanaokadiriwa kuwa 25,000, na Pat Robertson akahubiri. Nina hakika ungekuwepo ungesema huu ni uamsho. Mimi pia ningesema.

Lakini endelea kusoma, mpendwa.

Machi 1993, mjini Pensacola, Florida, daktari David Gunn alipigwa risasi nje ya kliniki wakati waandamanaji wakiwa pale. Agosti mwaka huo huo mwanamke mmoja alimpiga Tiller risasi kwenye mikono yote miwili, akapona. Julai 1994, Pensacola tena, aliyekuwa mchungaji, Paul Hill, alimuua daktari John Britton na mzee James Barrett aliyekuwa akimsindikiza. Mchungaji, wapendwa. Mtu aliyewahi kusimama nyuma ya mimbari kama mimi.

Wengi sana walioketi barabarani kule Wichita hawakuwahi kushika bunduki wala hawakuitaka, na si haki kuwatwika damu hiyo. Ila maneno yaliyokuwa yakisemwa pale, kwamba daktari huyu ni muuaji, kwamba kila siku unayokaa kimya mtoto anakufa, yaliingia pia masikioni mwa watu ambao hawakujua pa kuishia. Sisi wahubiri hatuwezi kuchagua nani atayasikia maneno yetu na atayafanyia nini.

Serikali nayo haikulala. Mei 1994 Rais Clinton alitia sahihi sheria inayoitwa FACE, inayofanya kuzuia mlango wa kliniki kwa nguvu au vitisho kuwa kosa la shirikisho. Sheria hiyo inalinda pia nyumba za ibada. Massachusetts ikaenda mbali zaidi na kuchora mstari wa futi 35 ambao mwandamanaji hakuruhusiwa kuuvuka. Mstari huo uliangushwa na Mahakama ya Juu mwaka 2014, majaji wote tisa wakikubaliana, na aliyeuangusha ni mama mzee anayeitwa Eleanor McCullen. Huyu hakuwa akipiga kelele. Alisimama kando ya njia akiongea na wasichana kwa sauti ya chini, akiuliza kama kuna msaada wanaohitaji. Majaji waliona kwamba mazungumzo ya namna hiyo hayawezi kufanywa ukiwa ng'ambo ya barabara.

Sasa rudi Wichita. Jumapili, tarehe 31 Mei 2009, George Tiller alikuwa kanisani kwake, kanisa la Kilutheri ambalo waandamanaji walikuwa wamelifuata kwa miaka. Siku hiyo alikuwa zamu ya kukaribisha watu mlangoni. Scott Roeder akaingia, akampiga risasi, akafa hapo hapo ibada ikiendelea. Fikiria wahudumu wetu wa mlangoni, wanaokupa kiti kila Jumapili. Roeder aliiambia mahakama kwamba alikuwa akiokoa watoto. Alifungwa maisha.

Mwaka 2022 Roe ilianguka, ile siku iliyoombewa kwa miaka 49, na kila jimbo likaachiwa liamue. Jimbo la kwanza kupiga kura likawa Kansas, Agosti 2. Karibu asilimia 59 walikataa kuondoa ulinzi wa utoaji mimba katika katiba yao. Kansas ile ile ya uwanja uliojaa.

Na kwetu je? Sisi hatuna Roe. Sheria yetu ya adhabu inampa anayetoa mimba kinyume cha sheria hadi miaka 14, na mwanamke mwenyewe hadi 7. Katiba ya 2010, kifungu cha 26, inasema uhai huanza mimba inapotungwa, kisha inakataza kutoa mimba isipokuwa kuna haja ya matibabu ya dharura au uhai au afya ya mama iko hatarini. Neno "afya" ndilo lililofanya makanisa mengi kusimama na rangi nyekundu ya Hapana, pamoja na suala la mahakama za Kadhi. Tarehe 4 Agosti 2010 karibu asilimia 67 wakasema Ndiyo.

Kwa hivyo tukienda na mabango, tunasimama nje ya wapi hasa? Wizara ya Afya na kituo cha utafiti cha APHRC walikadiria kwamba mwaka 2012 mimba karibu 465,000 zilitolewa Kenya, sheria ikiwa hiyo hiyo. Wanawake karibu 120,000 walifika hospitalini kutibiwa madhara yake. Nyingi ya hizo mimba hazikutolewa mahali penye kibao. Ni vidonge vya kununuliwa kichochoroni, ni dawa za miti, ni chumba cha mtu. Ukizuia lango la kliniki hapa kwetu, unayemzuia huenda ni msichana anayevuja damu akitafuta kuokolewa.

Halafu kuna lango lingine ambalo hatulitaji. Binti wa kwaya akipata mimba, nini hufanyika katika makanisa yetu mengi? Anavuliwa joho, anaitwa mbele, anaketishwa nyuma. Kijana aliyempa mimba anaendelea kupiga gitaa. Binti mwingine anaona hayo yote kutoka kiti chake, na zikipita wiki tatu akigundua yeye pia ni mjamzito, tayari anajua la kufanya ili pasta asijue. Hapo hakuna aliyemzuia wala aliyemsaidia, na hakuna bango lililomfikia.

Wale vijana wawili nimewaomba waje tuonane. Nimewaambia wamama wa kanisa wameanza kuweka akiba ya nguo za watoto, kodi ya miezi miwili, na karo ya binti anayetaka kurudi shule baada ya kujifungua. Pesa bado ni kidogo. Kama una kitanda cha mtoto ambacho hakitumiki, kilete.

Na wewe dada unayesoma haya saa hizi usiku ukiwa na siri yako, njoo uone mmoja wa wamama hao kabla hujaenda popote. Kama ulishaenda na unaumwa, nenda hospitali sasa hivi, usingoje Jumapili. Hakuna atakayekuita mbele.

Jumatano saa kumi na mbili unusu jioni tunaanza Kutoka sura ya 1, wakunga Shifra na Pua. Njoo na Biblia na kalamu.